Jambo la Lazima Liweke Mahali Patatu

Tarehe 4 Februari

Mjukuu wangu mtukutu,

Pokea salamu nyingi kama nywele za kichwa changu zilivyokuwa zamani. Huku wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo sasa linajitawala, likitaka kukunjika linakunjika bila kuniuliza. Kibanda cha makufuli bado kimesimama. Watu wanakuja wamejifungia nje ya nyumba zao, nami nawafungulia huku nikiwaambia mwizi angewahudumia upesi zaidi. Paka kazaa tena, baba hajulikani. Jirani wa bati jekundu anasema anamjua ila hataki ugomvi.

Sasa kiini cha barua. Wachezaji wako wa mchezo wa kusimulia hadithi wamenivamia. Kinyozi na Karani, wote wawili, Jumamosi saa tisa alasiri kama walivyozoea ulipokuwapo, wakakaa kwenye meza yangu ya kazi kama ng'ombe wanaongoja kukamuliwa. "Mzee, daftari la mchezo si unalo?" Ninalo. "Na kete?" Zimo kwenye kopo la misumari. "Basi tusimulie wewe." Mimi! Niliyefukuzwa shule darasa la nne kwa kufungua kufuli la ofisi ya mwalimu mkuu, tena kwa kijiko!

Kazi yako ngumu, nakuvulia kofia. Nilipokuwa nakuangalia nilidhani msimulizi ni mtu wa kusema uongo tu, na uongo mimi sikufundishwa, nilizaliwa nao. Unawaambia wahusika wao wako wapi, wao wanakuambia wanafanya nini, penye shaka kete inaamua, namba kubwa umeweza, ndogo umekwama. Kuna nini hapo? Nikawapeleka kwenye jumba la mfalme, mlangoni nikatia kufuli. Basi nikaanza kulieleza lile kufuli, springi zake, meno yake, fundi gani angelitengeneza na kwa nini alikuwa mvivu. Nusu saa. Kinyozi akalala mdomo wazi. Alipoamka akarusha kete alifungue, ikatoka moja. Karani akarusha, ikatoka tatu, akasimama, unamjua, miaka thelathini ya kuandika kesi mahakamani imemharibu, akadai kwa mujibu wa kanuni ana haki ya kurudia. Nikamwambia hapa hakuna rufaa. Tukakaa nje ya ule mlango mpaka saa kumi na mbili. Barua ya mfalme yenye siri yote ilikuwa ndani, na hakuna aliyeiona.

Jambo lingine. Mama yako alikuja. Akasimama kizingitini na mkoba wake wa kazini, akasema, "Endeleeni. Nataka kukiona hicho kitu." Unajua anakusudia nini. Siku baba yako alipokata roho wewe ulikuwa kwenye meza hii hii unasimulia, simu zote zimezimwa kwa amri yako, mama yako akapiga mara kumi na moja. Aliyokuambia msibani siyarudii, na uliyomjibu ndiyo kabisa. Mwaka na miezi minne sasa. Wewe huko simu umeitupa, yeye hapa jina lako halitaji, na mimi katikati kama ulimi kati ya meno.

Amekaa kwenye kiti chako. Nimfanyeje? Nipe ushauri wa kazi.

Babu yako, mchumba uliyemkimbia.


Tarehe 27 Februari

Babu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama mvuke umenipanda kichwani. Mimi mzima. Chumba cha pasi cha hoteli hakina dirisha, tuko wanne, vitambaa vya meza vinaingia vimelowa damu ya nyanya na machozi ya maharusi, vinatoka vyeupe. Mkono niliounguza umepona. Nisalimie Kinyozi, Karani, paka na watoto wake, na huyo jirani mwenye siri.

Babu, kosa lako ni la kila anayeanza. Uliweka kitu muhimu nyuma ya mlango mmoja, ukaikabidhi kete ufunguo. Kete haina huruma. Shika hili kuliko yote: jambo ambalo wachezaji lazima walijue, liweke mahali patatu. La kwanza watalipita. La pili watalielewa vibaya. La tatu litawagonga usoni. Siri ya mfalme iwe kwenye barua, na mpishi wa jumba awe ameisikia, na mbwa wa mfalme awe anachimba mahali pale kila siku. Hapo hata Kinyozi akilala ataipata.

Halafu, kufuli sentensi mbili. Najua inauma. Sentensi mbili, kisha uliza, "Mnafanya nini?" Hilo ndilo swali la msimulizi, mengine yote ni mapambo. Wakikwama, mtu aingie mlangoni, au kitu kianguke.

Karani mpe kazi. Mtu wa kanuni ukishindana naye unapoteza siku. Mwambie yeye ndiye mtunza kanuni, ukitaka kuijua utamuuliza. Atavimba kichwa na atakaa kimya akingoja kuulizwa.

Mchezaji mpya usimsimulie anahisi nini wala anataka nini. Mwambie anaona nini, basi. La kusema lake aseme mwenyewe. Msimulizi akimsemea mchezaji amemwibia.

Mimi ni wako.


Tarehe 20 Machi

Mchumba,

Marahaba, ingawa imechelewa wiki tatu njiani na imefika imepoa. Goti linakusalimia. Kibanda kimevuja, nimeweka sufuria chini, sasa wateja wanadhani napika.

Ushauri wako ni dawa! Sentensi mbili nilijiuma ulimi nikazishika. Karani nimempa cheo. Sasa anakuja na kalamu mbili mfukoni na hafungui mdomo mpaka nimwite Mheshimiwa. Na siri niliweka patatu, wakaipata patatu, Kinyozi akajisifu kana kwamba ameivumbua yeye.

Sasa mama yako. Umekaa vizuri? Nilimwambia achague mhusika. Mtunza stoo wa shule, mwanamke anayejua idadi ya njiti za kiberiti zilizobaki kwenye kila kasha, amechagua kuwa mwizi. Nikamuuliza, "Una hakika?" Akasema, "Miaka ishirini na mbili nimewalindia watu vitu vyao. Acha na mimi niibe." Jumamosi iliyopita kaiba farasi, taji, na buti za Karani huku mwenyewe amezivaa. Karani akasema haiwezekani. Mama yako akamwambia, "Tazama miguu yako, Mheshimiwa." Na mzee mzima akainama kutazama! Tulicheka mpaka mama yako akashika ubavu, akaomba tupumzike kidogo.

Siku hizi anacheza ameegemea mito miwili, kiti anasema kina mifupa. Ile gauni yake ya bluu kaipunguza kiunoni mara mbili tangu mwaka mpya. Anasema vitambaa vya siku hizi vinatanuka.

Kuhusu wewe hajasema. Ila kila tukimaliza anakaa peke yake dakika moja na mkono juu ya daftari lako. Barabara ya kuja huku haijafungwa, nilipita jana.

Babu yako.


Tarehe 11 Aprili

Babu, shikamoo ya moto, nimeifunga kwenye kitambaa.

Mimi mzima. Mwenzetu mmoja wa pasi kaolewa na muuza samani, ametuachia kazi yake wote. Nisalimie nyumbani wote.

Nimefurahi mchezo umeshika moto. Hapo ulipofika jihadhari na jambo moja, mchezaji mmoja akiwa hodari wengine hugeuka watazamaji. Zunguka meza. Ukimpa mwizi nafasi, kabla hujaendelea mtazame Kinyozi machoni umuulize, "Na wewe, wakati huo?" Na usiwape tu ushindi. Waulize wanachokiogopa kukipoteza, ndicho ukiweke hatarini, si dhahabu.

Kama kuna anayechoka, fupisha. Saa moja na nusu nzuri ni bora kuliko tatu za kukokotana. Mapumziko katikati, maji mezani.

Vitambaa kweli vinatanuka, babu. Navishika kila siku, najua.

Likizo sina mpaka niulize. Kazi ni nyingi.

Mjukuu wako.


Tarehe 2 Mei

Mjukuu wangu,

Huku tupo. Paka kahamisha watoto kawaweka ndani ya kisanduku changu cha funguo, sasa nikitaka ufunguo nakwaruzwa. Kinyozi anakusalimu. Karani anakusalimu kwa mujibu wa kanuni.

Mchezo tumeuhamishia chumbani kwa mama yako. Meza yangu ilikataa kupita mlangoni, ikabidi niung'oe mlango kwenye bawaba zake, na bado sijaurudisha, maana wachezaji wanakuja Jumamosi na Jumatano pia. Yeye yuko kitandani, sisi tumezunguka. Kete anarushia kwenye sinia.

Kinyozi kaja na mashine yake akamnyoa kichwa chote. Alimnyoa taratibu mno, hakutania hata mara moja, na wewe unamjua Kinyozi hanyamazi hata akinyoa bubu. Mama yako akajitazama kwenye kioo akasema, "Sasa nimefanana na baba." Nikamwambia aniombe radhi, kichwa changu kina umbo.

Sauti yake ni ndogo, tunasogea karibu. Lakini akili! Mwizi wake amewageuza walinzi wote wa mfalme wakawa marafiki. Anamtafuta mtu kwenye lile jumba. Nikimuuliza ni nani, ananiambia, "Wewe simulia, mimi nitamjua nikimwona."

Nakuuliza kama fundi kwa fundi. Hadithi ikiwa ndefu, na siku zikiwa si nyingi, msimulizi anafupishaje?

Babu yako anayekungoja. Majibu, namaanisha.


Tarehe 24 Mei

Babu, shikamoo.

Mimi mzima. Mashine ya mvuke imeharibika, tunapiga pasi kwa mkono.

Kufupisha hivi. Kata safari zote. Usiwasimulie njia, wafikishe. Kata vita vidogo. Muulize kila mchezaji waziwazi, "Kabla hadithi hii haijaisha, unataka mhusika wako akutane na nini?" Wakishasema, anza na hicho, usikihifadhi kwa ajili ya mwisho. Wasimulizi wengi wanaweka kitu kizuri kwa ajili ya baadaye, na baadaye hawafiki.

Usilazimishe mwisho uliouwaza wewe.

Nimeomba likizo ya Agosti. Wamesema wataangalia.

Rudisha mlango babu, baridi itaingia.

Mjukuu wako.


Tarehe 15 Juni

Mjukuu wangu,

Leo salamu sina.

Mama yako amefariki Jumanne, tarehe tisa, saa nne asubuhi. Tumemzika Jumatano. Barua yako ya Mei ilifika Jumatatu, siku moja kabla, nikamsomea. Uliposema ukate safari uwafikishe, akacheka kwa pua.

Ni ugonjwa wa damu. Alijua tangu Januari. Siku aliyokuja kusimama kizingitini alikuwa ametoka hospitali, majibu yamo kwenye mkoba. Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Akaniapisha. Akasema, "Baba, akija aje kwa kunitaka mimi, asije kwa kuitwa na kifo. Kifo kilishamwita mara moja hakusikia, sitaki kimwite tena." Mimi mtundu, lakini kiapo cha mwanangu anayekufa nitakivunjaje?

Basi nikafanya kama ulivyonifundisha. Sikukuambia. Nikakuwekea mahali patatu. Nikakuwekea gauni. Nikakuwekea mlango nilioung'oa. Nikakuwekea nywele. Nikajisemea mjukuu wangu mjanja, ndiye aliyeitunga kanuni yenyewe, moja ataipita, ya pili ataielewa vibaya, ya tatu itamgonga usoni atapanda gari. Kila gari likisimama pale kona nilitoka na kijiti changu cha kufungulia makufuli mkononi. Majirani wakasema mzee kaanza kuchanganyikiwa.

Na kuna jambo moja sikuliweka popote, nakuambia leo, unilaani ukipenda. Mwezi wa nne, katikati ya mchezo, muuguzi alikuja kumchoma sindano. Alibisha hodi, akabisha, akazunguka nyumba akapiga dirisha kwa kiatu. Hakuna aliyesikia, si mimi, si Karani. Mama yako alikuwa amening'inia kwenye dari ya jumba la mfalme kwa kamba moja. Muuguzi akaondoka. Tulipomaliza tukakuta karatasi yake chini ya mlango. Mama yako akaisoma, akaikunja, akakaa. Kisha akasema, "Kumbe hata mimi nisingesikia." Nikamwambia tumwandikie mtoto maneno hayo hayo. Akasema, "Usithubutu. Hayo nitamwambia mwenyewe. Wewe si umesema msimulizi hamsemei mchezaji?"

Nami nikatii. Nikaona nimekuwa msimulizi mwema.

Nilimuuliza lile swali lako, mwizi anataka akutane na nini. Ilikuwa Jumatatu hiyo hiyo, baada ya barua. Akasema, "Kesho. Leo nimechoka."

Babu yako.


Tarehe 30 Julai

Babu,

Nimeandika barua hii mara tano na nne nimezichana.

Niliviona vyote vitatu.

Gauni niliiona Machi. Mimi nashika vitambaa kutwa, nani ataniambia nguo ya pamba inatanuka kiunoni? Nilikuandikia kwamba zinatanuka kwa mkono huu huu. Mlango niliuona. Nywele niliposoma nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha pasi, wenzangu wakanimwagia maji wakidhani ni joto. Halafu nikainuka nikakuandikia jinsi ya kukata safari. Nilikwambia umuulize kila mchezaji anataka nini, mimi binti yake sikuuliza hata kama anakula.

Unataka kujua kwa nini. Nilikuwa nasubiri aniite. Neno moja tu, hata tusi. Nilisema mimi ndiye niliyetukanwa mbele ya jeneza la baba, yeye aanze. Kila barua yako ilipokuja nilipitisha macho haraka kutafuta mahali amesema "mwambie". Nisipopaona nilikasirika upya. Na chini ya hasira kulikuwa na woga. Nikifika nimkute amekwisha, watu wangesema tena ulikuwa wapi, na safari hii ningekuwa sina simu ya kusingizia. Nilipokuwa huku, kwenye barua zako alikuwa anaiba buti. Niliona nisipokuja ataendelea kuiba.

Na wewe, babu! Wewe umefungua makufuli ya mji mzima, la mdomo wako likakushinda! Ile ni kanuni ya mezani. Ni ya watu watatu wanaokunywa maji na kucheka. Nilikufundisha mchezo, sikukufundisha kumficha mtu mama yake. Ungeandika neno moja. Ungeandika "anakufa". Ningekuja kwa miguu.

Au nisingekuja. Hilo ndilo silali nalo, kwamba sijui.

Likizo ya Agosti walinipa. Nimemwachia mwenzangu mwenye mtoto. Nikae huko nifanye nini? Usiniulize tena habari za mchezo. Kinyozi na Karani waambie watafute kazi nyingine Jumamosi.

Daftari lichome.


Tarehe 19 Agosti

Mjukuu wangu,

Umenitukana vizuri, kwa haki, na sijapunguza hata neno moja. Nilikuwa mjanja mahali ambapo ilitakiwa niwe mzazi tu. Mama yako naye alikuwa mkaidi, wewe mkaidi, na ukaidi huo mmeurithi kwangu. Nimeishi miaka sabini na tisa nikiwacheka watu waliopoteza funguo.

Sitaficha kitu leo.

Sili vizuri. Kinyozi ananiletea chakula na ananitazama mpaka nimalize, kama mtoto. Naongea na paka. Juzi nilimwita kwa jina la mama yako, akaja, nikalia mbele ya mteja aliyekuwa anangoja funguo za stoo, naye akalia, hata hatujuani.

Asubuhi ya tarehe tisa jirani alikuwa amemfulia mama yako nguo. Zipo kwenye kamba mpaka leo, ile gauni ya bluu, shuka mbili, na lile koti la kazini lenye mfuko wa kalamu. Wanawake walikuja kuzianua siku ya mazishi, nikasimama mbele ya kamba na fimbo. Wakarudi siku ya tatu, nikawafukuza kwa matusi ambayo sikujua kwamba bado nayajua. Nikawaambia ni kazi ya binti yake. Zimenyeshewa mara nne. Gauni imepauka bega la upande wa jua, na buibui wamejenga kwenye kola. Najua watu wananiona kichaa. Najua na wewe unanicheka au unanilaani.

Siwezi kuzigusa. Nimejaribu. Nilifika mpaka kwenye kibanio cha kwanza.

Njoo uzianue. Likizo umemwachia mwingine, basi acha kazi. Wakikukatalia, toroka. Sikuiti kwa ajili ya kifo, kifo kimeshapita na hakikungoja mtu. Mimi ndiye ninayekuita, mimi babu yako. Nakutaka hapa. Njoo kwa gari la kwanza, usiandike kwanza.